Taa ya Kushoto ya Mzee Fadul

Ukiegesha gari Kawangware ukaenda kununua nyanya, usishangae kurudi na kulikuta limefumbua jicho moja.

Taa ya kulia itakuwa vilevile ulivyoiacha, ya manjano na yenye ukungu, kama meno ya mvuta kiko. Ya kushoto itakuwa inang'aa kama bilauri ya mgeni. Kando yake atakuwa amesimama Mbithi, mwanamume mfupi mwenye ndoo mkononi na kitambaa begani, akikutazama kwa upole wa muuguzi aliyekwisha kukudunga sindano. Hatakuomba chochote. Atasema tu, "Niaje boss. Nimekuanzia."

Nimepita miji mingi na kutapeliwa katika lugha kadhaa, lakini tendo hilo sikuwahi kutendewa kwingine. Mahali pengine mtu hukuuzia kitu. Mbithi hakuuzii. Hukuanzia, na kumalizia kunakuwa shauri lako. Una uhuru wote wa kukataa na kuondoka na gari lenye jicho moja zima na jingine bovu, ila huu ni mji ambao watu hulala njaa ili gari lilale limeoshwa, na sijaona mwenye gari aliyestahimili aibu hiyo mpaka kona ya kwanza. Hulipa. Wengine hulipa wakicheka, wengine wakiwataja wazazi wa Mbithi kwa namna ambayo wazazi hao hawastahili.

Huanza na taa ya kushoto kila mara, kwa sababu ndiyo iliyo upande wa mtaro. Ya kulia iko upande zinakopita bodaboda, na bodaboda hazimjui daktari.

Maana ndivyo anavyojiita. Bango lake, ubao wa kitanda cha zamani uliofungwa kwenye nguzo ya umeme, linasema: DAKTARI WA MACHO YA GARI. TUNATIBU UPOFU. Chini yake kuna stuli, ndoo, rundo la msasa na dawa ya meno ya kutosha kanisa zima. Jirani yake ni Kavetsa, mama wa Kimaragoli anayeuza chai na mandazi, ambaye hajawahi kulisoma bango hilo bila kuongeza neno.

"Daktari gani hana hata glavu?"

"Hata wewe hotelini kwako hakuna meza," Mbithi humjibu.

Ni mtu wa Machakos. Baba yake, Mutunga, alikuwa mchonga vinyago kule Wamunyu, na mwanawe anasimulia kwa fahari jinsi mzee alivyokuwa akichukua mti mwepesi mweupe, akauchonga twiga, akaupaka rangi ya viatu, akausugua mpaka ukawa mpingo kamili. Watalii waliubusu. "Mzee alituambia mnunuzi hununua kwa macho," Mbithi aliniambia. "Kasoro huijua akifika kwao." Kutoka twiga wa mpingo mpaka taa za gari safari si ndefu. Msasa ni uleule.

Zamani taa za gari zilikuwa za kioo, na kioo hakichujuki. Huvunjika siku moja basi, kama mtu mwenye heshima zake. Siku hizi ni plastiki, nayo hutoka kiwandani ikiwa imevikwa ngozi nyembamba isiyoonekana ya kuikinga na jua. Gari linakula ujana wake Japani, linapanda meli, linafika kwetu likiwa na umri wa makamo, na sisi tunaliita jipya. Hapo jua la Nairobi linalipokea. Kwa kuwa mji uko juu na hewa yake ni baridi, watu hudhani jua lake ni la mchezo. Plastiki haidhani hivyo. Ile ngozi hukauka na kuatuka vijiufa, vumbi huikwaruza, na taratibu taa hugeuka manjano, kisha kahawia, kama chai iliyoachwa ikolee. Mwanga ukipita hapo hauendi tena barabarani. Hutawanyika, na sehemu kubwa huishia machoni mwa anayekuja. Mwenye gari akiona haoni hununua balbu kali zaidi, na balbu kali nyuma ya plastiki yenye ukungu humpofusha mwenzake bila yeye kuliona shimo lililo mbele yake. Ndiyo maana jioni ikiingia barabara ya Naivasha kila mtu anamulika kila mtu, na hakuna anayeona anakokwenda. Nimeishi chini ya serikali kadhaa za namna hiyo.

Tiba ya Mbithi ilikuwa ya kweli, nusu. Msasa wake wa maji huichuna ngozi iliyougua. Dawa ya meno, ambayo ni msasa laini wenye harufu nzuri, huondoa mikwaruzo ya msasa. Taa inarudi ujana. Lakini plastiki iliyochunwa ngozi iko uchi, na ikiachwa uchi jua litaila kwa haraka kuliko mwanzo. Inafaa ivikwe ngozi mpya, ile rangi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Mbithi aliijua. Hakuipaka. Ukimuuliza alikuwa na jibu tayari. "Kando ya barabara hii? Ukipaka klia asubuhi, mchana imeshika vumbi, umetengeneza msasa mpya." Nilimwamini. Ni jibu zuri, na jibu zuri huzuia swali la pili.

Basi magari ya Kawangware yaling'aa kwa miezi michache, yakafifia, yakarudi kwa daktari, yakang'aa tena. Okeyo, dereva wa teksi anayependa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, alikuwa mgonjwa wa kudumu. Hakuna aliyelalamika, maana kila gari lilipofuka macho yote mawili kwa pamoja, na mwenyewe akasema, "Gari imezeeka." Alilaumu Japani, akalaumu jua, akamlaumu Mungu kidogo. Daktari alibaki safi.

Kisha daktari akafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa udaktari halifanyi. Hakuangalia mgonjwa ni wa nani.

Mzee Fadul ni Mnubi wa Makina, Kibera. Mababu zake waliletwa na jeshi la mkoloni kutoka Sudani, wakapigana vita visivyowahusu, wakapewa msitu wakae, na tangu hapo ukoo ukangoja hati ya ardhi hiyo. Serikali zilikuja na kuondoka. Wao walingoja zaidi ya karne moja mpaka hati ikatoka. Mtu wa kabila kama hilo humfanyii haraka. Fadul ana vyumba vya kupanga Kibera na vingine Kawangware, nyuma ya soko, na kila Jumamosi huja na gari lake dogo jeupe, saluni ya milango minne, kuvitazama, kwa maana ya kusimama mlangoni mwa wapangaji akisikitika jinsi wanavyotumia kuta zake vibaya.

Jumamosi hiyo alirudi akalikuta gari lake linakonyeza.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi mzee. Nimekuanzia."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma. Nimeona gari inaumwa, nikasikia huruma."

"Na mimi nikiona unaumwa," alisema Fadul, "nikukate mguu mmoja, halafu nikuulize kama unataka na wa pili?"

Kavetsa alicheka mpaka akamwaga chai ya mteja.

"Mzee, ni kitu kidogo tu," Mbithi alisihi. "Wacha nimalizie hiyo ingine. Utaenda aje na gari iko hivi? Watu watakucheka."

"Wanicheke mimi? Mimi nimefanya nini? Ni wewe umewacha kazi katikati." Akaingia garini, akafunga mkanda kwa utulivu wa kutisha, akaondoka.

Mbithi hakujali. "Atarudi," alimwambia Kavetsa. "Hakuna mtu amewahi kupita stage ya Congo na jicho moja."

"Huyo ni Mnubi, jirani. Amengoja hati tangu Mzungu. Hatangoja taa?"

Alipita Congo. Alifika kwake Makina, na kesho yake akaonekana soko la Toi, jicho moja likimeta katikati ya mitumba. Jumamosi iliyofuata alirudi Kawangware, akaegesha palepale mbele ya stuli ya Mbithi, akamwamkia, akaenda kuwasikitikia wapangaji wake. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Watoto walilipigia gari makofi. Vijana wa bodaboda walimwita Mzee Konyeza. Mkewe, Mabrouka, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita meli, aliteseka kuliko wote, kwa sababu ndilo gari la kwendea harusini.

"Baba Nabil, maliza hiyo taa. Jana imekonyeza bibi harusi wa watu."

"Wacha ikonyeze."

"Basi mimi nitakuwa nashuka kona ya mbali, nitembee kama sikujui."

"Tembea. Daktari amesema mazoezi ni mazuri."

Mwanzoni Mbithi alifurahi. Alipata tangazo linalotembea, bila gharama. Mteja akija alimwonyesha: "Unaona gari ya yule mzee? Angalia kushoto. Sasa angalia kulia. Umeona kazi?" Wateja wakaongezeka. Akaanza kuulizia chumba chenye mlango huko Riruta Satellite, kwenye maduka, mahali ambapo daktari hukaa ndani na mgonjwa hugonga. Syombua, mkewe, alikuwa bado Machakos, amekataa katakata kuja kuishi na mume ambaye ofisi yake ni nguzo ya umeme. Jina la udaktari ndilo pekee Mbithi alilokuwa nalo la kumpa mwenye chumba kama dhamana.

Mvua fupi zikaisha. Likaingia lile jua la Januari na Februari, linalokausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Jumamosi moja Fadul aliegesha, akaamkia, akaenda zake. Kavetsa alikuwa akikunja mandazi. Akatulia, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Daktari. Mgonjwa wako amekuja. Hebu nikumbushe, ni jicho gani ulitibu?"

Mbithi alisimama. Nilikuwa nimeketi hapo na kikombe changu, nikamwona akitabasamu, kisha nikaliona tabasamu likibaki bila mwenyewe. Taa ya kushoto ilikuwa imekufa. Ilikuwa nyeupe yenye umanjano, imeatuka kama dimbwi lililokauka. Ya kulia, ile isiyoguswa, ilikuwa palepale ilipokuwa miezi yote hiyo, na sasa ndiyo ilikuwa nzuri.

Si jambo dogo hilo. Wenye magari wote walikuwa wamenunua macho mawili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kulinganisha. Ilihitajika ukaidi wa mzee mmoja, abebe aibu mjini kwa msimu mzima akiwa na nusu ya kazi, ili Kawangware ijue ilikuwa inauziwa nini. Sidhani Fadul alijua angepata ushahidi. Yeye alikuwa anakataa tu, na kukataa kwa muda mrefu wakati mwingine huonekana kama busara.

Okeyo alifika kabla ya saa sita. Alivua miwani, nikajua mambo yameharibika.

"Mbithi. Hii gari yangu umeiosha macho mara ngapi?"

"Sijui. Mara mob."

"Na kila mara inarudi mbaya kushinda mwanzo."

"Ni jua, Okeyo. Jua ya siku hizi imekuwa kali."

"Jua gani inajua kuchagua upande? Ya mzee imeunguza kushoto pekee?"

Daktari, kwa mara ya kwanza katika historia ya matibabu yake, aliinama akakamua kitambaa kilichokuwa kikavu. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika Satellite kwa miguu yake yenyewe. Mwenye chumba akasema bado anafikiria. Madereva wakiegesha walianza kuivika taa ya kushoto gunia, wakalifunga kwa kamba, kama mtu anayefungia mbuzi wake asilishwe na jirani. Barabara nzima ikawa na magari yaliyofungwa bandeji jicho moja, na daktari ameketi katikati yao hana kazi.

"Wagonjwa wako ndio wateja wangu," Kavetsa alimwambia kwa uchungu. "Nani atakunywa hii chai? Wewe? Haya, kunywa."

Mtu mwingine angetubu. Mbithi alifikiri, na mawazo yake yalikwenda njia ya ukoo, njia ya twiga wa mpingo. Tatizo, aliona, halikuwa taa ya kushoto iliyokufa. Tatizo lilikuwa taa ya kulia iliyo hai. Akiichuna na hiyo, bure, kwa siri, macho yote mawili yatang'aa sawa na kufa sawa, watu watasema gari limezeeka, na dunia itarudi mahali pake.

Ijumaa akachukua ndoo yake, akavuka Ngong Road, akapita Toi, akafika Makina wakati wa sala ya adhuhuri. Saluni nyeupe ilikuwa imeegeshwa karibu na msikiti. Akapiga magoti upande wa kulia, akalowesha msasa. Waliopita walidhani ni mtu aliyechelewa kutawadha.

"Wewe kijana. Unatafuta nani chini ya gari ya mume wangu?"

Ilikuwa Mabrouka, kikapu cha vitunguu mkononi.

"Natoa vumbi tu, mama."

"Vumbi ya Kibera? Utamaliza lini?" Kisha akauona msasa. "Ni wewe! Ni wewe daktari! Wewe ndiye umenitembeza harusini kwa miguu na viatu vya visigino!"

Hakumpiga. Alichukua ndoo. Akageuka akaenda nayo nyumbani, na Mbithi akamfuata, kwa sababu fundi anaweza kuacha heshima yake barabarani lakini haachi ndoo. Fadul aliporudi na kanzu yake, alimkuta daktari ameketi uani kama posa iliyokataliwa.

"Hii ya kulia usiiguse," Fadul alisema baada ya kuelezwa. "Hiyo ni shahidi yangu. Hii ya kushoto umeiharibu, utaitengeneza vile inatengenezwa na mtu mwenye akili. Ukikataa, kila siku nitaegesha mbele yako, si Jumamosi pekee."

"Mzee, hiyo inataka klia. Na klia inataka mahali hakuna vumbi."

"Nina chumba kiko wazi hapa."

"Kiko wazi kwa sababu kinavuja," alisema Mabrouka.

"Saa hii mvua hakuna," alisema Fadul.

Kesho yake Mbithi alirudi na kopo la klia. Aliifungua taa, akaitoa garini na kuiweka mezani katika chumba kile, na wazee wa Makina wakaleta viti vyao mlangoni kutazama, nami nikiwa nyuma yao, kwa kuwa bure ni bure. Ninamchukia kidogo kwa nilichokiona. Mtu yule aliweza. Aliichuna taa kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, mpaka vijiufa vyote vikaisha na plastiki ikawa nyeupe kama maziwa. Hakugusa dawa ya meno. Aliifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, akaziba kingo kwa selotepu ya karatasi, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale, akawafukuza wazee mlangoni kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia Kawangware. Akapuliza klia, tabaka jepesi, akangoja, jingine, akangoja. Na maziwa yale yakafunguka yakawa hewa. Mzee mmoja alisema "Mashallah" kabla hajakumbuka kwamba wamekuja kumzomea.

Fadul aliinama, akatazama bila kugusa.

"Hii dawa ulikuwa unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na chumba hukukosa. Ungetafuta ungepata."

"Ningepata."

"Basi kwa nini?"

Mbithi alifunga kopo lake polepole. Nadhani uongo ulikuwa umemchosha siku hiyo. "Mzee, taa ikipona kabisa, mgonjwa anarudi kufanya nini?"

Fadul alivuta pumzi kuijaza hasira ya haki ya mtu mwenye umri na mali. "Astaghfirullah! Unachukua pesa ya watu, unawapa ugonjwa, halafu unangoja warudi? Wewe ni mtu wa aina gani?"

Mabrouka alikuwa akimenya vitunguu mlangoni pa jikoni. Hakuinua kichwa.

"Baba Nabil, wacha kelele. Hilo paa liko juu ya kichwa chako hapo, unalipaka lami kila mvua ikikaribia. Mpangaji anaona umetengeneza, analipa, mvua inapita, linavuja, anahama, unapaka tena kwa mwingine. Mabati mapya uliacha kuyajua lini?"

Wazee wa Makina, ambao karibu wote wana vyumba vya kupanga, walikumbuka kwa pamoja kwamba wana shughuli. Viti vikaondoka. Fadul alitoka uani, akatazama juu, pale lami ilipokuwa imeng'aa vizuri sana juani, akasema kwamba taa ikikauka irudishwe garini, na asisikie neno tena.

Hapo hadithi ingeishia kama watu wangekuwa wanajifunza. Jumamosi zikaendelea. Fadul alikuja Kawangware na jicho la kushoto zima na la kulia bovu, vilevile kama siku ya kwanza, akiwa na nia ya kumwaibisha Mbithi milele: tazameni, alijua kutibu na hakutibu. Mvua ndefu zikaja. Jua likarudi. Taa ya kushoto haikutikisika. Na watu wa Kawangware wakaitazama, wakafikiri kwa makini, wakafikia uamuzi ambao nimeuona ukifikiwa katika nchi nyingi. Walikwenda kwa Mbithi kupanga foleni.

Okeyo alikuwa wa kwanza.

"Ulinilia pesa miaka," alisema.

"Kweli," alisema Mbithi.

"Sasa nifanyie ile ya mzee."

"Hiyo bei yake ni tofauti."

"Najua. Nani mwingine anajua hii ugonjwa kama wewe? Si ni wewe uliileta."

Walilipa mara ya pili, zaidi ya mara ya kwanza, kwa mtu yuleyule, na kusifu ukweli wake. Chumba cha Satellite kikapatikana, chenye mlango. Bango jipya likaandikwa: KLINIKI. TIBA YA KUDUMU. ULIZA GARI YA MZEE FADUL. Syombua akaja na masanduku. Kavetsa naye akahamisha jiko lake mbele ya mlango huo, kwa kuwa wagonjwa wanaongoja hunywa chai.

Fadul alipoliona jina lake ubaoni aliegesha katikati ya barabara. Alikuwa amemtangazia adui yake biashara msimu mzima kwa mafuta yake mwenyewe.

"Fungua hiyo klia yako," alisema. "Nimekuja umalizie."

"Nimalizie nini, mzee?"

"Ya kulia. Si ulitaka kumalizia? Malizia."

Mbithi alifuta mikono, akaja mpaka mbele ya gari, akaitazama ile taa ya kulia, kahawia kama maharagwe, kwa heshima kubwa.

"Hiyo siwezi gusa. Hiyo ni shahidi. Ulisema mwenyewe."

"Nitalipa."

"Mzee wangu, ukilipa shahidi, hiyo si hongo?"

Kavetsa alilazimika kuketi. Fadul aliondoka akipiga honi ingawa hakuna aliyemzuia.

Wiki iliyofuata nilikuwa hapo tena, nasubiri mandazi, saluni nyeupe ilipotokea ikija polepole mno, na ikasimama mbele ya kliniki bila kuzima injini. Macho yote mawili yaling'aa. Kioo kikashuka, Fadul akatusalimia sote kwa majina, akauliza hali ya Syombua, akasema siku ni nzuri.

"Sasa amekumaliza," Kavetsa alinong'ona. "Shahidi amekufa."

Mbithi alikwenda upande wa kulia, akainama kama mtu anayemwamkia mtoto. Akanusa. Akapitisha kidole kwenye plastiki, akakitazama kidole. Kisha akanyooka, akampungia Fadul mkono, na Fadul akaondoka ameinua kidevu, mbele yake macho mawili maangavu.

"Dawa ya meno," Mbithi alituambia. "Ya minti. Amesugua mwenyewe. Klia hajapaka."

Alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja kutoka Satellite mpaka Ngong. Akavuta stuli, akaiweka kivulini, akaketi, akapokea kikombe kutoka kwa Kavetsa.

"Atarudi," alisema.